Shujaa wa tanzia: uanaume, kiburi na ubaba katika anguko lake

Neno tanzia wengi wetu tumelizoea redioni, ambako hutangulia taarifa ya kifo: jina la marehemu, ndugu wanaoarifiwa popote walipo, na mahali pa maziko. Katika uhakiki wa fasihi neno hilohilo hutaja kazi inayosimulia anguko la mtu mwenye hadhi, na huyo anayeanguka ndiye shujaa wa tanzia. Si kila anayekufa mwishoni mwa kisa hustahili jina hilo. Aristotle, aliyezichambua tamthilia za Wayunani katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alishikilia kwamba mtu huyo asiwe mwema asiye na doa wala asiwe mwovu, na kwamba huporomoka kwa sababu ya hamartia. Mara nyingi neno hilo hufasiriwa kuwa dosari ya tabia, tafsiri ambayo naona inapotosha kidogo, kwa sababu asili yake ni kitenzi kilichotumika pia kwa mkuki uliopita kando ya shabaha. Kiswahili hakina haja ya kuhangaika hapa, maana kukosa kwetu ni kupiga kando na pia ni kutenda kosa. Shujaa wa tanzia, basi, hulenga jambo ambalo jamii yake yenyewe inaliheshimu, na nguvu zilezile zilizompa sifa ndizo zinazompeleka kando ya alama.

Uanaume ni shabaha ya namna hiyo. Mfano ulio wazi zaidi ni Okonkwo, mhusika mkuu wa riwaya ya Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, iliyotoka mwaka 1958, ambayo kwa Kiswahili ilipewa jina la Shujaa Okonkwo, ingawa jina lake la awali, Things Fall Apart, halimtaji shujaa yeyote. Akiwa na miaka 18 Okonkwo alimbwaga Amalinze katika mieleka. Baadaye akawa na wake watatu, ghala lililojaa viazi vikuu, na vyeo katika Umuofia, jamii yake ya Waigbo. Yote hayo aliyajenga juu ya aibu ya utotoni. Baba yake, Unoka, alikuwa mpiga filimbi mwenye madeni mengi na asiye na cheo, na siku moja mtoto mwenziwe Okonkwo alimwita mzee huyo agbala, neno la Kiigbo lenye maana ya mwanamke ambalo hutumiwa pia kumwita mwanamume asiye na cheo chochote. Tangu hapo Okonkwo akachukia kila alichokipenda Unoka, upole ukiwemo. Akajipima kwa kipimo kimoja tu, umbali kati yake na baba yake.

Wasomaji wengine huulaumu utamaduni wa Umuofia kwa ukali huo, nami sikubaliani nao moja kwa moja. Obierika, rafiki yake, ni mwanamume anayeheshimiwa na hakwenda kumuua Ikemefuna, kijana aliyeletwa kutoka jamii jirani ya Mbaino kama fidia na kukaa nyumbani kwa Okonkwo kwa miaka mitatu kabla ya kuamuliwa auawe. Ezeudu, mzee aliyekuwa shujaa wa vita katika enzi zake, alimwonya Okonkwo waziwazi asishiriki katika kifo cha mtoto anayemwita baba. Ukoo ulikuwa umempa njia ya kujiepusha bila aibu. Okonkwo akaenda, na kijana alipojeruhiwa na kumkimbilia yeye, akamkata kwa panga, kwa sababu aliogopa kuonekana dhaifu. Hapo ndipo kiburi chake kinapoonekana kilivyo: ni hofu ya mtoto aliyechekwa kwa ajili ya baba yake, inayotembea katika mwili wa mpiganaji.

Kosa hilo halikumwangusha siku ileile. Lilipitia kwanza kwa mwanawe wa kwanza, Nwoye, aliyempenda Ikemefuna kama kaka, na ambaye moyo wake ulijifunga dhidi ya baba yake tangu jioni ile. Wamisionari walipofika, Nwoye akawafuata, akaitwa Isaka, jina la yule mwana katika Biblia ambaye baba yake alimwinulia kisu. Okonkwo alitaka mrithi asiyefanana na Unoka, akampoteza mrithi mwenyewe. Mwishowe alimuua mjumbe wa serikali ya kikoloni, akaona kwamba watu wake hawatapigana, akajinyonga. Kujiua kulikuwa chukizo kwa ardhi, hivyo ndugu zake hawakuruhusiwa kumzika. Unoka naye, aliyekufa kwa ugonjwa wa kuvimba, alikuwa ametupwa msituni bila kuzikwa. Njia yote ya kumkimbia baba ilimrudisha Okonkwo mahali palepale alipolala baba.

Katika pwani yetu, Fumo Liyongo, mpiganaji wa masimulizi ya kale ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu alimwandikia utenzi mwaka 1913, kwa kawaida huhesabiwa kuwa shujaa wa utendi, yaani shairi refu la matendo ya ushujaa, na wapo watakaokataa kumtia katika tanzia kwa hoja kwamba aliuawa kwa hila za mtawala. Hoja hiyo ina uzito mpaka tufike kwenye mazungumzo yake na mwanawe. Kijana alikuwa amelaghaiwa kwa ahadi ya kuozwa binti wa mtawala ili amdadisi baba ni kitu gani kiwezacho kumuua. Masimulizi yanamwonyesha Liyongo akilitambua swali hilo lilikotoka, hata akamwambia mwanawe kwamba waliomdanganya watakuja kumcheka. Kisha akajibu: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Aliyekwepa kila mtego wa adui alimpa siri hiyo mtu aliyemshuku. Kwa maoni yangu alibanwa pande mbili, kwa kuwa mwenye nguvu kama zake hakuweza kukiri kwamba anamhofia mtoto aliyemzaa, na baba hakuweza kumnyima mwanawe neno lililoombwa kwa jina la ubaba. Okonkwo aliukana ubaba ili asionekane dhaifu. Liyongo alijisalimisha kwa ubaba huo.

Alipochomwa na mwanawe usingizini, Liyongo aliamka, akatwaa upinde wake, akapiga goti karibu na kisima, akafia hapo akiwa amelenga. Waliokuja kuteka maji walimdhani mzima, wakakimbia. Mji ukakaa siku kadhaa bila maji, hadi mama yake alipoletwa kumbembeleza kwa mashairi, na mwili ukaanguka, mshale ukiwa bado upindeni.