Ukiandika "Mstaafu" Kwenye Fomu, Hujatuambia Kitu

Tangu wenye nyumba katika mitaa ya zamani ya Nairobi waanze kuhimizwa kung'oa paa za asbesto, maabara ya patholojia, inayochunguza vipande vya nyama ya mgonjwa, inaletewa ombi lile lile: tuandikieni barua kwamba paa ndilo lililomharibia mzee figo. Barua hiyo haiandikwi, na si kwa ukaidi wa ofisi.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, linakubali kwamba asbesto husababisha mesothelioma, yaani saratani ya utando unaozunguka mapafu na viungo vya tumbo, pamoja na saratani ya mapafu, ya zoloto na ya ovari. Figo haimo katika orodha hiyo. Hata hivyo mgonjwa wa asbesto huweza kuharibika figo, na ndiyo maana mwanapatholojia anayetafiti saratani hizi hujikuta akisoma slaidi za figo pia, yaani vioo vyenye vipande vyembamba vya nyama. Sisplatini, dawa ambayo kwa miaka mingi imetumika pamoja na pemetreksedi kutibu mesothelioma, hudhuru vijifereji vya figo. Pemetreksedi yenyewe haipendekezwi kwa mtu ambaye uchujaji wa figo zake umeshuka chini ya mililita 45 kwa dakika. Mara chache, uvimbe wenyewe huchokoza kinga ya mwili, vichujio vya figo vikaanza kuvuja protini, miguu ikavimba. Na kuna lile ambalo familia hazipendi kulisikia: mzee alikuwa na shinikizo la damu au kisukari, na dawa alikuwa akimeza siku anapokumbuka.

Kuyatenganisha haya kunahitaji kipande cha figo kilichotunzwa vizuri. Daktari hutoa vipande viwili au zaidi kwa sindano ya geji 16 au 18, kisha hugawa sampuli mara tatu: sehemu ya hadubini ya kawaida huingia kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, sehemu ya kipimo cha protini za kinga hutiwa katika kimiminika cha Michel, na sehemu ya hadubini ya elektroni katika glutaraldehaidi. Yote yakitumbukizwa kwenye fomalini, kipimo cha kinga huwa kigumu na jibu lake hafifu. Katika sampuli tunatafuta vichujio 10 au zaidi. Vikiwa vitatu, ripoti itasema sampuli haitoshi, na mgonjwa huenda akachomwa tena.

Kwa kifua makosa ni mengine. Kipande cha utando wa mapafu kinahitaji fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, kiasi cha mara 10 hadi 20 ya ujazo wa nyama, ndani ya chombo chenye mdomo mpana. Mdomo mwembamba huingiza nyama ikiwa laini na kukataa kuitoa ikishakakamaa. Hapo fundi wa maabara huikwangua, na kilichokwanguliwa hakisomeki. Maji ya chumvi si fomalini. Nyama iliyokaa humo siku mbili kwenye gari la mizigo huoza, na tutairudisha pamoja na fomu ya kukataliwa yenye tarehe, saa na sababu, nakala moja kwa hospitali na moja kwenye faili. Maji ya kifuani yaletwe angalau mililita 50, yakiwa baridi lakini hayajagandishwa.

Mesothelioma hufanana mno na saratani ya mapafu iliyotambaa hadi kwenye utando. Haitambuliwi kwa rangi moja. Tunapaka alama, yaani vipimo vya rangi vinavyoonyesha protini fulani: zinazoelekea mesothelioma, kama kalretinini na WT1, kando ya zile zinazoelekea mapafu, kama TTF-1, kisha tunazilinganisha. Hii ndiyo sababu majibu huchukua muda. Kupiga simu kila asubuhi hakuharakishi rangi.

Nyuzi za asbesto zenyewe nyingi hazionekani kwa hadubini ya kawaida. Baadhi hufunikwa na mwili kwa chuma na protini, zikawa kama vijiti vya rangi ya kahawia-dhahabu vyenye shanga. Rangi ya Perls huzigeuza buluu. Kuzihesabu, kipande cha pafu huyeyushwa kwa hipokloriti, kemikali ya jamii ya Jiki, kinachobaki kikachujwa, chujio likawekwa chini ya hadubini. Ili makovu ya mapafu yaitwe asbestosisi kwa slaidi, pamoja na makovu yenyewe tunahitaji wastani wa angalau vijiti viwili kwa sentimita mraba.

Hata hivyo slaidi haimjui mtu alikofanya kazi. Mwaka 1960, mwanapatholojia J. C. Wagner na wenzake walichapisha wagonjwa 33 wa mesothelioma kutoka Afrika Kusini. Kilichowaunganisha karibu wote ni asbesto ya buluu ya Northern Cape, na baadhi yao hawakuwahi kuwa wachimbaji, waliishi tu karibu na migodi. Hilo lilijulikana kwa kuuliza.

Sasa tazama fomu zetu. Penye "Kazi" pameandikwa "Mstaafu", "Biashara", au mstari tu. Kati ya kuvuta vumbi na ugonjwa hupita miaka 20 hadi 50, kwa hiyo kazi ya leo haitusaidii. Andika kila kazi tangu ujana: mahali, miaka, na alichoshika. Fundi wa gereji za Grogan, Nairobi, aliyepuliza ngoma za breki kwa kompresa, aliyekata mabati ya asbesto kwa msumeno, aliyefunga mabomba ya boila, na mke aliyekung'uta ovaroli kabla ya kuifua. Sigara nayo iandikwe: ikiungana na asbesto huzidisha hatari ya saratani ya mapafu, ingawa haiongezi mesothelioma.

Aliyeng'oa paa wiki jana na leo anakohoa, kikohozi hicho si saratani ya asbesto. Apimwe kifua kikuu kwanza. Paa lililobaki lilowanishwe, misumari itolewe bila kuvunja karatasi, zifungwe kwa plastiki nzito tabaka mbili, na msafirishaji awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Kufagia makavu ni marufuku, na barakoa ya hospitali haizuii nyuzi hizo.

Mnaotaka maoni ya pili, ombeni bloku ya nta, yaani nyama yenyewe iliyohifadhiwa ndani ya nta, pamoja na slaidi. Kwa slaidi peke yake, maabara ya pili haitaweza kukata vipande vipya vya kupaka alama zilizokosekana.