Nicodemus, taunshipi iliyorukwa na reli

Ukiruka juu ya jimbo la Kansas, Marekani, utaona nchi iliyokatwa mirabamiraba kana kwamba mtu alipita na rula. Na kweli alipita. Chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1785, wapima ardhi walikuwa wakivuta mnyororo wa futi 66, mara 80 kwa kila maili, wakikata mraba wa maili 6 kwa 6. Mraba huo ndio taunshipi: viwanja 36, kila kimoja ekari 640. Jina hilohilo hutumika pia kwa ngazi ya utawala iliyo chini ya kaunti, tuseme kama kata kwetu, na mipaka yake si lazima ifuate mraba mmoja. Hata Wamarekani wenyewe huzichanganya hizi mbili.

Taunshipi ninayoizungumzia ni Nicodemus, katika Kaunti ya Graham, karibu na Mto Solomon wa Kusini. Ni nyanda za nyasi, upepo mwingi na mvua chache. Miti huota kandokando ya vijito tu, na hilo liliwaponza watu waliozoea kujenga kwa mbao.

Watu hao walikuwa Weusi kutoka Kentucky, wengi wao waliozaliwa utumwani. Mwaka 1877 mchungaji Mweusi W. H. Smith na dalali wa ardhi Mzungu W. R. Hill walianzisha kampuni ya kuanzisha mji huo. Tangazo lililosambazwa Lexington liliwaambia watu Weusi kuwa wangeweza kwenda Kansas kwa dola 5. Na sheria ya mwaka 1862 ilimpa mtu hati ya ekari 160 akikaa na kulima miaka mitano. Kwa mtu ambaye jana yeye mwenyewe alikuwa mali ya mtu, hebu fikiria uzito wa hati hiyo.

Willianna Hickman alifika masika ya mwaka 1878 pamoja na mumewe, mchungaji. Wanaume wakashangilia kwamba Nicodemus ndiyo ile. Akatazama, hakuona mji. Akauliza uko wapi, naye mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukifuka kutoka ardhini. Watu walikuwa wakiishi kwenye mashimo waliyoyachimba na kuyaezeka. Baadaye alisimulia kwamba alilia. Baadhi ya wenzake waligeuza wakarudi zao.

Waliobaki walijenga makanisa, shule, hoteli na maduka. Mmoja wao, Edward McCabe, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas. Mwaka 1887 wapiga kura wa taunshipi waliidhinisha hatifungani za dola 16,000 ili kuivuta reli. Haikuja. Mwaka uliofuata kampuni ya reli ya Union Pacific ilipitisha njia yake kusini ya mto, na wafanyabiashara wakahamishia maduka yao mji wa Bogue, kwenye reli. Kwa maoni yangu, pigo hili lilizidi ukame wote, kwa kuwa mkulima wa ngano asiye na stesheni karibu hula faida yake kwenye usafiri.

Miaka ya ukame na dhoruba za vumbi ya 1930 ikafuata. Posta ilifungwa mwaka 1953, shule mwaka 1960. Ukumbi wa taunshipi, uliojengwa kwa mawe mwaka 1939 chini ya mpango wa serikali wa kuwapa watu ajira, sasa hupokea wageni, maana tangu mwaka 1996 Nicodemus ni eneo la kihistoria la taifa.

Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 14 katika makazi hayo. Lakini sensa humhesabu mtu anapolala siku nyingi za mwaka. Mwishoni mwa Julai, wajukuu na vitukuu hurejea kwa mamia kuadhimisha ukombozi, sikukuu inayotokana na tarehe 1 Agosti 1834, utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza ya Karibi. Wanakula, wanaandamana, wanazuru makaburi. Jumatatu hurudi Denver, Topeka na kwingineko, ambako ndiko wanakohesabiwa.