Bei ya fremu ya picha: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Vipimo vikiwa mara mbili, bei nayo ni mara mbili.
Fundi hupima mbao kwa urefu, ila kioo, kadibodi na ubao wa nyuma kwa eneo. Picha ya sentimita 30 kwa 40 ina mzunguko wa sentimita 140. Ikiwa 60 kwa 80, mzunguko ni mara mbili lakini kioo ni mara nne. Kioo cha milimita 2 kinapanda kutoka kilo 0.6 hadi 2.4, na mbao nyembamba haziwezi uzito huo, kona zitaachia.

Jambo ambalo wateja wengi hawalijui: kona hukatwa kwa digrii 45, hivyo kwenye mzunguko huongezwa upana wa mbao mara nane. Picha ile ndogo ikivikwa mbao ya sentimita 2 inakula sentimita 156; ya sentimita 6 inakula 188, bado kinachopotea kwenye msumeno. Kwa picha ndogo, punguza gharama kwenye upana wa mbao kwanza.

Dhana: Mufindi imejaa paina, basi fremu iwe bei ya kutupwa.
Ubao ghafi ni sehemu ndogo tu ya bei. Unakaushwa, unapigwa randa, unachongwa kitako cha kukalia kioo, unapigwa msasa na vanishi. Vipande vyenye vifundo hutupwa. Mbao mbichi husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu hazisinyai kabisa, ndiyo maana kona za fremu za mbao hizo hufunguka kwa ndani.

Dhana: Kadibodi ya pembeni ni pambo, iondoe upunguziwe.
Tafadhali usiiondoe hivi hivi. Kadibodi hiyo iliyokatwa dirisha ndiyo inayotenga picha na kioo. Kwenye baridi ya Juni na Julai, Njombe au Makete, unyevu hujikusanya upande wa ndani wa kioo, na picha inayokigusa hunata. Ukiibandua, rangi inabaki kwenye kioo. Kama bajeti haitoshi, omba vijiti vyembamba vifichwe chini ya ukingo wa fremu. Kwa picha ya thamani, chagua kadibodi isiyo na asidi. Ya kawaida hugeuka njano na kuitia picha madoa.

Dhana: Ufundi ni ule ule kwa kila kitu.
Kitambaa kilichodariziwa hushonewa kwenye kadibodi kwa mkono, kwa kuwa gundi huja kutoa madoa. Kikapu cha milulu cha Iringa kinataka fremu ya kisanduku, yenye kina kuzidi unene wa kikapu. Mpelekee fundi kitu chenyewe, usimtajie vipimo kwa simu.