Liu Wei Di Huang Wan: dawa ya Kichina ya kurutubisha yin

Liu Wei Di Huang Wan ni vidonge vyeusi vya mimea sita, na ndiyo dawa inayotajwa kwanza China panapozungumzwa kurutubisha yin. Wengi huinunua wakidhani ni dawa ya kuongeza nguvu tu. Sivyo, na kosa hilo ndilo linalowaumiza baadhi ya watumiaji.

Katika tiba ya Kichina, yin ni upande wa mwili wenye unyevu, ubaridi na utulivu: majimaji, damu, akiba. Yang ni joto na mwendo. Yin ikipungua, joto la kawaida la mwili halina cha kulizuia, kama kibatari kilichoishiwa mafuta kinavyounguza utambi wake. Kwa hiyo mgonjwa huhisi joto, lakini joto hilo limetokana na upungufu. Dalili zake hujulikana: viganja na nyayo kuwaka, hasa kuanzia alasiri, jasho la usiku, koo kukauka, kiuno kuuma na magoti kulegea, kizunguzungu na masikio kuvuma. Tabibu hutazama pia ulimi, ambao huwa mwekundu wenye utando kidogo, na hushika mapigo, ambayo huwa membamba na ya haraka.

Dawa hii husemwa inarutubisha yin ya figo. Hapa pana mtego. “Figo” ya tiba ya Kichina ni zaidi ya kiungo kinachochuja mkojo: imebeba pia ukuaji, mifupa, uzazi na kusikia. Mtu ambaye vipimo vya hospitali vimeonyesha figo zake hazifanyi kazi vizuri hajaambiwa kwamba ana upungufu wa yin, wala hapaswi kujinunulia dawa hii kwa sababu jina la ugonjwa linafanana.

Aliyeiunda ni Qian Yi, tabibu mashuhuri wa watoto wa enzi ya Song ya Kaskazini, na imeandikwa katika kitabu cha mafundisho yake kilichokamilishwa mwaka 1119. Alichukua dawa ya zamani zaidi iliyoachwa na tabibu Zhang Zhongjing, Shen Qi Wan yenye viungo vinane, akaondoa viwili vya kupasha joto: mdalasini na akoniti (mzizi mkali wa dawa). Aliwatibu watoto waliochelewa kukua, ambao utosi wao ulikawia kufunga, na kwa maoni yake mtoto ana yang ya kutosha tayari. Leo watumiaji wengi ni watu wazima.

Vipimo vya asili vinafuata uwiano wa 8:4:4:3:3:3, na uwiano huo ndio roho ya dawa. Kwa mchemsho wa siku moja huwa gramu 24 za shu di huang (mzizi wa rehmania uliopikwa), gramu 12 za shan zhu yu (tunda jekundu lililotolewa kokwa), gramu 12 za shan yao, na gramu 9 za kila kimoja kati ya ze xie, mu dan pi na fu ling. Shan yao ni ndugu wa kiazi kikuu kinacholimwa kwetu. Ze xie ni kiazi cha mmea wa majini, mu dan pi ni gome la mzizi wa mmea wa maua uitwao peoni, na fu ling ni kuvu anayeota kwenye mizizi ya msonobari.

Vitatu vya kwanza hujaza na vitatu vya mwisho hutoa. Ze xie huondoa maji yaliyotuama ili utamu mzito wa rehmania usigande; mu dan pi hupoza ini ambalo shan zhu yu inalipasha; fu ling, pamoja na shan yao, husaidia wengu, ambao katika tiba hii ndio unaosimamia usagaji wa chakula. Anayeona vitatu vya mwisho kuwa vya bei rahisi akavipunguza, au akaongeza rehmania ili “dawa iwe kali”, hupata tumbo kujaa, hamu ya kula kupotea na choo kuwa laini.

Rehmania yenyewe lazima iwe iliyopikwa. Mzizi mbichi au uliokaushwa tu hupoza damu, na ni dawa nyingine. Uliopikwa umefukizwa kwa mvuke, mara nyingi pamoja na pombe ya nafaka, ukakaushwa na kufukizwa tena hadi ukawa mweusi nje na ndani, laini, unaonata na mtamu. Ukiukata ukakuta katikati bado ni kahawia, haujaiva.

Kwa mchemsho, loweka viungo nusu saa katika chungu cha udongo; sufuria ya chuma haifai. Chemsha mara mbili kwa moto mdogo, changanya maji yote mawili, kisha unywe nusu asubuhi na nusu jioni. Kwa vidonge, viungo husagwa na kuchekechwa, kisha kila gramu 100 za unga hukandwa na gramu 80 hadi 110 za asali. Asali huchemshwa kwanza ipungue maji, la sivyo vidonge huota ukungu. Kidonge kikubwa cha asali kina gramu 9 na hutafunwa kimoja mara mbili kwa siku. Vile vidogo vilivyokolezwa ni 8, mara tatu kwa siku. Soma pakiti, maana aina hizi mbili huchanganywa sana.

Kuna matoleo yaliyoongezwa viungo. Zhi Bai Di Huang Wan ina zhi mu na huang bai, mimea miwili ya kupoza, kwa joto lililozidi. Qi Ju Di Huang Wan ina goji (tunda dogo jekundu) na maua ya krisanthemu kwa macho makavu yenye ukungu. Mai Wei Di Huang Wan ni ya kikohozi kikavu.

Asiyefaa kuitumia ni mwenye mikono na miguu ya baridi, anayekojoa mara kwa mara mkojo usio na rangi na kuchukia baridi. Huyo amepungukiwa na yang, na dawa hii itamzidishia. Mwenye mafua au anayeharisha angoje apone. Mjamzito na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda wamuulize daktari kwanza. Mgonjwa wa kisukari akumbuke asali iliyomo, na asiache insulini wala vidonge vyake kwa ajili ya dawa hii. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kidonge cha asali kabisa.

Jasho la usiku lisitibiwe kwa kubahatisha. Likiambatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa au kukonda, kapime kifua kikuu na VVU kabla ya kufikiria yin. Vidonge vinaweza kungoja majibu.