Tairi la A/T ni nini, na linafaa mvua ya namna gani kwa SUV kubwa?

Tairi la A/T (kifupi cha all-terrain, yaani njia zote) ni lile lililotengenezwa litembee kwenye lami, changarawe, mawe na udongo bila dereva kubadili tairi kila barabara inapobadilika. Upande mmoja limepakana na H/T, tairi la barabara kuu, lenye kashata, yaani vipande vya mpira vinavyogusa barabara, zilizobanana na mifereji membamba. Upande wa pili limepakana na M/T, tairi la matope, lenye kashata kubwa zilizoachana na kelele inayosikika mbali. A/T limechukua kidogo huku na kidogo kule, na ndiyo maana wenye SUV kubwa hulipenda. Gari lenyewe wamelinunua kwa ajili ya njia za kila namna, basi tairi la kila namna linaonekana kuwa ndilo jibu.

Shida ni kwamba herufi hizo mbili si kipimo. Hakuna mtihani ambao tairi lazima lifaulu ndipo liandikwe A/T ubavuni. Kila kiwanda huziweka kwa hiari yake, na matairi mawili yenye herufi zilezile yanaweza kupishana sana breki zinapokanyagwa kwenye lami iliyolowa. Zaidi ya hapo, anayeuliza kama A/T linafaa wakati wa mvua anauliza mambo matatu kwa pamoja: lami yenye utando mwembamba wa maji, lami yenye maji yaliyotuama, na udongo uliogeuka matope. Majibu yake hayafanani, na tairi moja linaweza kuwa hodari kwenye moja na dhaifu kwenye jingine.

Tuanze na utando mwembamba, kwa sababu ndio unaokutwa mara nyingi na ndio watu hawaufikirii. Mvua ya kawaida ikinyesha, juu ya lami hubaki maji yasiyofika hata milimita moja. Hapo ukubwa wa mifereji hausaidii sana. Kinachosaidia ni mpira wenyewe kuupasua ule utando na kugusa kokoto za lami. Kazi hiyo hufanywa na vitu viwili. Cha kwanza ni mchanganyiko wa mpira: ukiwa laini kiasi hujibana kwenye vinyweleo vya lami, na ukitiwa silika, unga wa madini kama ya mchanga, kwa wingi hushika vizuri zaidi penye maji. Matairi ya abiria yalianza kutumia silika kwa kiwango kikubwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, Michelin wakiwa mbele. Cha pili ni vipasuo, yaani zile chanjo nyembamba kama wembe zilizokatwa juu ya kashata. Kila chanjo hunyonya maji kidogo na kuongeza ukingo mmoja wa kung'ang'ania.

Sasa litazame A/T la kawaida. Kashata zake zimeachana, kwa hiyo mpira unaogusa barabara ni mchache kuliko wa H/T lenye upana uleule. Kashata ni ndefu, hivyo breki zikishikwa kwa nguvu hupinda na kuyumba badala ya kukaa imara. Na mara nyingi mpira wake umefanywa mgumu ili usinyofolewe na mawe. Vyote vitatu hupunguza mshiko kwenye utando mwembamba. Kwa hiyo SUV iliyovuliwa H/T nzuri ikavalishwa A/T la kibabe, kwenye lami iliyolowa husimama mbali zaidi, hata kama tairi jipya linaonekana lina nguvu maradufu.

Maji yaliyotuama ni habari nyingine kabisa. Hebu piga hesabu: tairi lenye uso wa upana wa sentimita 22, maji ya kina cha milimita 3, mwendo wa kilomita 90 kwa saa. Kila sekunde tairi hilo linakutana na lita zaidi ya 16 za maji, na zote ni lazima zipate pa kwenda. Zikikosa njia, maji hujikusanya mbele ya tairi, hulinyanyua, na gari huelea. Usukani huwa mwepesi ghafla na breki hazina cha kushika. Hapa mifereji mipana na yenye kina ndiyo inayookoa, na A/T lina faida ya kweli. Likiwa jipya, kina chake mara nyingi hufika milimita 11 au 13, wakati H/T huanzia milimita 8 hivi.

Kitu kingine kinachoamua ni upepo uliojazwa ndani ya tairi. Mwaka 1963, Walter Horne na Robert Dreher wa NASA walichapisha uchunguzi wao kuhusu matairi ya ndege kwenye njia zenye maji, wakaonyesha kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea unategemea kipeuo cha pili cha upepo uliomo. Ukigeuza kanuni yao kwa kilomita, unazidisha kipeuo hicho cha psi (kipimo cha upepo wa tairi) kwa 16.7 hivi. Tairi lenye psi 36 linapata kilomita 100 kwa saa. Lenye psi 25, kilomita 83. Lenye psi 18, kilomita 71 tu. Haya ni makadirio, kwa sababu tairi la gari lenye kashata nzima kwenye maji machache linaweza kuvuka kiwango hicho, na pana lenye kipara linaweza kuelea mapema zaidi. Lakini mwelekeo ni huohuo. Anayetoa upepo ili apite kwenye matope au mchanga, kisha akapanda lami mvua ikinyesha bila kuurudisha, ameishusha mwenyewe ile alama ambayo gari litaanza kuelea. Pampu ndogo ya upepo ndani ya gari ni sehemu ya matairi ya A/T, si pambo.

Matope ndiyo mvua ya tatu. Udongo wa mfinyanzi ukilowa huziba mifereji ya H/T mizunguko michache ya mwanzo, na kuanzia hapo ni kama umefunga tairi kipara. A/T hujitahidi zaidi, hasa likiwa na kashata za pembeni zilizo wazi na vijiwe vidogo vya mpira ndani ya mifereji vinavyosukuma uchafu utoke. Hata hivyo kwenye mfinyanzi mzito nalo hujaa, na hapo M/T pekee ndilo lenye nafasi za kutosha za kujisafisha. Changarawe iliyolowa na njia za mchanga mgumu hazina taabu hiyo. Huko A/T liko nyumbani.

Hapo ndipo ninaposimama kwa uthabiti: mwenye SUV kubwa achague tairi kwa kuanzia utando mwembamba, halafu maji ya kutuama, na matope yaje mwisho. Wengi hufanya kinyume. Wanaona picha ya gari limezama kwenye tope, wanachagua kashata za kutisha, kisha wanakwenda kutumia sehemu kubwa ya maisha ya tairi kwenye lami. Tope likikushinda, mara nyingi utakwama na kuita msaada. Lami iliyolowa ikikushinda, unamgonga mtu.

Uzito unalikuza jambo hili. SUV kubwa ikiwa na abiria na mizigo hupita tani mbili na nusu kwa urahisi, na nguvu inayotakiwa kuisimamisha hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 80 kwenda 100 kwa saa inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Mfumo wa kuvuta kwa magurudumu manne husaidia gari kuondoka, na hapo ndipo unapodanganya. Dereva anaona gari linachomoka bila kuteleza, anaamini barabara inashika, na akikanyaga breki anagundua kwamba magari yote, makubwa kwa madogo, husimama kwa magurudumu manne tu. ABS, ule mfumo wa breki, huzuia matairi yasigande, lakini haiwezi kuongeza mshiko ambao mpira hauna.

Basi unalijuaje A/T linaloshika lami ya mvua? Anza na ubavu wa tairi, ila ujue kila alama inasema nini na inanyamaza wapi. M+S inahusu umbo la kashata tu na haithibitishi mengi. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ina uzito zaidi, kwa sababu tairi limepimwa kweli, lakini limepimwa kwenye theluji. Tairi lililoipata kwa kawaida lina vipasuo vingi na mpira usiokakamaa kwenye baridi, na hiyo ni dalili njema kwa mvua ya baridi. Kwenye joto kali la mwaka mzima faida hiyo hupungua, na mpira laini huweza kuisha upesi.

Kipimo cha moja kwa moja ni lebo ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza mwaka 2012 na kubadilishwa mwaka 2021. Penye picha ya wingu la mvua kuna herufi A hadi E, na hiyo ni breki kwenye lami iliyolowa. Tairi la A/T lenye B linastahili kuaminiwa. La D au E linakwambia wazi kwamba limetengenezwa kwa kazi nyingine. Marekani nayo ina daraja za AA, A, B na C za mshiko, zinazopimwa kwenye lami na zege vilivyoloweshwa, gurudumu likiwa limegandishwa na gari likienda mbele moja kwa moja. Hazisemi lolote kuhusu kona wala kuelea. Tena matairi ya LT, yale ya malori madogo, hayapewi daraja hizo. Ukikosa alama zote, litazame kwa macho: vipasuo vijae juu ya kila kashata, pembeni na katikati, na vishuke hadi karibu na kitako cha mfereji. Vipo vya juujuu vinavyotoweka tairi likifika nusu ya maisha yake, na kuanzia hapo unaendesha tairi tofauti na ulilonunua.

Hizo herufi LT zinahitaji uangalifu wake. A/T la saizi moja linaweza kuuzwa kwa aina mbili: la kawaida la gari la abiria, na la LT lenye nyuzi nyingi zaidi ndani, ubavu mnene na uzito zaidi. Muuzaji atakusifia LT kwa sababu halipasuki ovyo, na ni kweli. Lakini mpira wake mara nyingi ni mgumu zaidi, na linahitaji upepo mwingi zaidi ili libebe mzigo uleule. Kwa hiyo ukibadili kutoka la kawaida kwenda LT, namba ya upepo iliyoandikwa kwenye nguzo ya mlango haitoshi tena. Anayefunga tairi anatakiwa kuitafuta kwenye majedwali ya mizigo. Na ile namba kubwa ya ubavuni ni kikomo cha juu kabisa, si upepo wa kutembelea. Kama huvuti trela zito wala hupiti kwenye mawe yenye ncha, A/T la kawaida litakusimamisha vizuri zaidi mvua ikinyesha.

Upana pia hupotosha. Tairi pana linapendeza chini ya gari kubwa, lakini lina maji mengi zaidi ya kuyasukuma kando, na njia ya kuyatoa katikati kwenda pembeni inakuwa ndefu. Baki kwenye upana ulioruhusiwa na waliotengeneza gari, na ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya saizi mbili zinazokubalika, kwa ajili ya mvua chukua nyembamba.

Kuhusu kuisha: sheria za nchi nyingi huruhusu kina hadi milimita 1.6, na ndipo vile vibonge vya alama ndani ya mfereji hulingana na kashata. Kwa SUV nzito kwenye mvua huko ni kuchelewa mno. Likifika milimita 3 au 4, panga kulibadilisha. Kwa gari linalovuta magurudumu manne muda wote ni vema kubadili yote kwa pamoja, maana yakitofautiana sana mzingo, gia za kugawa nguvu huumia. Ikibidi kununua mawili na maelekezo ya gari yanaruhusu, mapya yakae nyuma; gari likipoteza mshiko nyuma huzunguka, na madereva wachache mno huweza kulirudisha. Na A/T huvalika vibaya likiachwa mahali pamoja, kashata moja ukingo juu, nyingine chini, basi yazungushwe kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000.

Ukishafunga matairi mapya, usiyapime kwenye mvua ya kwanza. Usoni huwa na mabaki ya dawa iliyotumika kuyatoa kwenye kalibu kiwandani, nayo huteleza. Tembea kilomita mia tatu hivi kwa upole, acha nafasi kubwa mbele yako, kisha kagua upepo tena asubuhi kabla gari halijaondoka, matairi yakiwa yamepoa.