Samaki wa Feri na pampu ya kalsiamu

Nenda soko la samaki la Feri asubuhi ushike changu aliyekufa masaa machache yaliyopita, mnyanyue kwa kichwa uone, mkia haushuki, amekakamaa kama ubao, na wengi wanadhani ni barafu. Hata bila barafu angekakamaa. Ni kwamba zile pampu za kalsiamu kwenye misuli yake zimezima.

Nafundisha fiziolojia hapa Dar na hili naliongelea kila mwaka coz watu wanajua msuli unakula nguvu ukikaza, kulegea wanaona ni bure tu. Sio bure kabisa.

Iko hivi. Nje ya seli kalsiamu huru ni nyingi karibu mara 10,000 kuliko ndani, na muda wote inatafuta upenyo iingie. Kalsiamu ikiongezeka ndani, iwe imetoka nje au imeachiwa na vifuko vya akiba vya seli yenyewe, nyuzi za msuli zinashikana zinavutana, msuli unakaza. Sasa ili ulegee lazima itolewe, na hapo ndo pampu inapoingia kazini: ni protini iliyopenya utando, mlango wake wa ndani uko wazi, inanasa kalsiamu mbili, inachukua fosfeti kutoka kwenye ATP (molekuli inayobeba nguvu ya seli), inajipinda, mlango wa ndani unajifunga ndo wa upande wa pili unafunguka. Milango yote miwili haifunguki kwa pamoja hata mara moja, ingekuwa hivyo kalsiamu ingerudi yote. Pampu hizi ziko za aina mbili: hiyo ya kubeba mbili mbili inarudisha kalsiamu kwenye vifuko vya akiba humo humo ndani ya seli, ile ya utando wa nje inatoa moja kwa kila ATP. Na ipo njia nyingine inaruhusu sodiamu tatu ziingie ili kalsiamu moja itoke.

Samaki akifa ATP inaisha, pampu zinasimama, kalsiamu inavuja, na nyuzi zenyewe kuachiana nako kunataka ATP, basi zinabaki zimeng'ang'aniana. Baadaye analegea, ila hapo nyuzi zimeshaanza kuharibika, kwa hiyo chukua yule mkakamavu.

Moyo wako nao unakaza kwa kalsiamu na kulegea kwa pampu hivyo hivyo kila pigo, kama mara 100,000 kwa siku. Pampu zikichoka moyo unachelewa kulegea, na usipolegea haujai damu vizuri. Kwa hiyo mzee wako akipimwa akaambiwa moyo unasukuma vizuri ila haulegei, msibishane na daktari, hayo ni mambo mawili tofauti na la pili nalo linaleta kuhema na miguu kuvimba.