Kushindwa kwa 7 hakuifanyi nambari kuwa tasa

Kuanzia Kisauni hadi Likoni, mpe mwanafunzi wa tuisheni nambari kubwa, naye atakujibu lile lile: "Nimejaribu 2, 3, 5 na 7, zote zimekataa. Ni tasa, haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na yenyewe." Siyo! Hizo nne zinatosha kwa nambari zisizofika 121 tu, maana 121 ni 11 × 11.

Chukua 1,000,001. Inaishia na 1, basi 2 na 5 nje. Jumla ya tarakimu ni 2, basi 3 nje. Kwa 7, 11 na 13 usigawanye mara tatu. Kata nambari mafungu ya tarakimu tatu kutoka kulia, kisha toa na ujumlishe kwa zamu: 001 − 000 + 1 = 2. Njia hii inafanya kazi kwa sababu 7 × 11 × 13 = 1,001. Jibu ni 2, haligawanyiki kwa yoyote kati ya hizo, basi zote tatu nje kwa mpigo mmoja.

Endelea: 17 inabakisha 10, 19 inabakisha 12, hivyo hivyo mpaka 97, inayobakisha 28. Hapo hata wale wavumilivu huweka kalamu chini. Tasa inayofuata, 101, inaingia bila baki: 101 × 9,901. Na hiyo 9,901 usiianze upya. Kipeuo chake cha pili, yaani nambari ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata 9,901, hakifiki 100, na tasa zote 25 zilizo chini ya 100 umeshazijaribu. Kigawo cha 9,901 lazima kiwe kigawo cha 1,000,001 pia. Basi ni tasa.

Wengine nao wanataka kujaribu hadi nusu, yaani 500,000. Kazi ya punda! Vigawo huja wawili wawili: kimoja kikizidi kipeuo cha pili, mwenzake yuko chini yake. Kwa 1,000,003 kipeuo ni 1,000 na ushei, na tasa zisizofika 1,000 ni 168. Zote zinakataa, kwa hivyo hii ni tasa kweli. Ni 168, jamani, si nne. Na andika baki pembeni kila unapogawanya. Anayeandika "imekataa" peke yake hawezi kurudi kutafuta alipokosea.

Eti nambari ikiwa kubwa, vigawo ni vingi? 720,720 ina vigawo 240. 1,000,003, iliyo kubwa kuliko hiyo, ina viwili.

Eti kujumlisha tarakimu kunafaa kwa 7 pia? Tarakimu za 16 zina jumla ya 7. Igawanye uone. Ujanja huo ni wa 3 na 9.

1 si tasa: tasa ina vigawo viwili, si zaidi wala pungufu, 1 ina kimoja.

Halafu kuna wanaoapa kwa kikokotoo. Piga 2⁶⁷ − 1 kwenye kile cha shule, utaona 1.475739526 × 10²⁰, jibu lile lile la 2⁶⁷ bila kutoa 1. Tarakimu za mwisho zimekatwa, na bila hizo huwezi kujua kinachoigawanya. Mwanahisabati Mfaransa Marin Mersenne aliitaja nambari hiyo kuwa tasa mwaka 1644. Mwaka 1903 mwanahisabati Mmarekani Frank Nelson Cole akaonyesha vigawo vyake: 193,707,721 × 761,838,257,287. Hata kigawo kidogo kina tarakimu tisa, na bado wewe umeishia 7.